Rudi Mwanzo, Tuhfa

Mimi simpendi mtu anayekuja kwangu, akanywa chai yangu ya sukari, halafu akaniuliza mtoto wetu hawezi nini. Mwaka ule sukari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kurudi madukani, na sisi kwa mazoea ya shida bado tulikuwa tunaificha uvunguni. Nilimtilia Mwalimu Bertha vijiko viwili vilivyojaa. Akakoroga, akashukuru, akaweka kikombe chini.

"Bi Mwanakhamis, na wewe Mama Tuhfa," akasema, "kikao kimekaribia. Nimekuja tujitayarishe pamoja. Nataka mniambie yale yote ambayo Tuhfa hayawezi."

Nilimtazama wifi yangu Zeyana. Yeye alikuwa anautazama mkeka.

"Hakuna asiloliweza," nikamjibu. "Anakula, anaoga, anasali akielekezwa. Adabu yake hao wako wenye akili hawaipati. Au umeona nini wewe?"

Tuhfa ni binti wa mdogo wangu Soud. Wakati ule alikuwa na miaka tisa. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema, na hospitali wakatuambia ana mtindio wa ubongo. Nyumbani kwetu neno hilo halikutamkwa hata mara moja. Sisi tulisema Tuhfa mpole. Mtu akiuliza mbona hatumwi dukani kama wenzake, tunasema mpole. Mbona anacheka peke yake? Mpole tu. Zeyana ametoka katika nyumba ya Waarabu wa Pangani, ambako hata kikohozi hukoholewa ndani ya mto wa kulalia, na mama yake alimfunda kwamba la nyumbani hufia nyumbani. Sisi Wapemba nasi kwa kuficha si haba. Basi zikakutana koo mbili za wafichaji, na mtoto yuko katikati.

Soud mwenyewe, tangu iliposemwa biashara ruksa, miguu yake ilikuwa haitulii. Leo yuko Tanga, kesho yuko Horohoro na mafurushi ya mitumba. Mambo ya shule aliniachia mimi, maana mimi ni mwalimu. Ndiyo, mwalimu. Kila alasiri watoto wa Nguvumali hujaa barazani kwangu na juzuu zao, na hakuna aliyetoka kwangu hajui kusoma. Kwangu mtoto huanza mwanzo wa sura akaenda mpaka mwisho. Akikwama, rudi mwanzo. Hakuna kudandia katikati. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi kule Wete, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha Tuhfa, naye alihifadhi sura fupi zote kwa sauti ambayo wapita njia walisimama kuisikiliza. Ukimkata katikati, hukutazama kwa yale macho yake makubwa akakuuliza, "Shangazi, tuanze mwanzo?" Mtoto huyo ndiye niambiwe hawezi.

Mwalimu Bertha ni Mbondei wa Muheza, mwanamke mfupi, mpole wa kweli. Jioni alikuwa akikaanga mihogo mlangoni kwake na kuiuza, kwa sababu mshahara wa mwalimu siku zile ulikuwa wa kuhadithia tu. Hakunikasirikia. Alitueleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wake. Darasa lake maalumu lina nafasi kumi. Wanaongoja nje ni wengi. Kila mwaka anakuja bwana wa ofisi ya elimu, anakaa na mwalimu mkuu, na mwalimu wa darasa, na mzazi, na mtoto mwenyewe. Hapo hupangwa nani abaki, afundishwe nini mwaka unaokuja, na nani sasa anaweza kurudi darasa la kawaida.

"Kwa hiyo msimpambe," akasema. "Kikao hiki si posa. Asichoweza ndicho kitakachompa nafasi."

"Mwalimu," nikamwambia, "toka lini muuza samaki akanadi samaki wake kwamba ameoza?"

Bertha akacheka. Zeyana hakucheka.

Mgeni alipoondoka, Zeyana alikusanya vikombe akasimama navyo mlangoni. "Wifi," akasema, "wakimtoa nitafanya nini?"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Tuhfa aliwahi kukaa darasa la kawaida kwa miezi michache. Watoto walikuwa tisini na kitu, wengine wamekaa sakafuni, mwalimu ana kipande cha chaki na fimbo. Tuhfa alikaa nyuma kabisa, haulizi wala haulizwi. Siku moja akanyanyuka akatoka, na hapana aliyemwona. Tulimtafuta Nguvumali nzima, tukaenda Makorora, tukaenda mpaka soko la Ngamiani, mimi na baridi yangu ya magoti. Jua linakuchwa ndipo dereva wa lori la mkonge alipomshusha msikitini kwetu. Alimkuta barabara ya Amboni anatembea peku. Alimuuliza, wewe mtoto wa nani, Tuhfa akamsomea Alhamdu. Akamuuliza, kwenu wapi, akaendelea na Kul-audhu. Yule dereva, Mungu amzidishie, alizunguka naye msikiti baada ya msikiti akiuliza nani amepotelewa na mtoto wa chuo cha Kurani. Tangu siku ile Zeyana akitoka na binti yake hufunga ncha ya kanga yake na ncha ya kanga ya mtoto.

Kwa Bertha mambo yalikuwa mengine. Mlango una komeo. Watoto kumi, na mwalimu anajua kila mmoja analia kwa sababu gani. Alimfundisha Tuhfa kusema haja kabla, si baada. Alimfundisha kufunga vifungo vya gauni. Siku Tuhfa alipovifunga vyote mwenyewe, vimepishana kimoja, Zeyana aliingia jikoni akalia, akasingizia moshi.

Basi tulitaka abaki. Na sisi maisha yetu yote tulijua shule ni ya namna moja tu: anayefaulu anabaki, anayefeli anarudi kwao. Maneno ya Bertha tuliyasikia, lakini hayakutuingia.

Nilikwenda kwa jirani yangu Mwanasiti, ambaye mjukuu wake Mutasim alikaa kikao hicho mwaka uliopita. Mwanasiti ana kichwa cha kuweka mambo. Alinitajia maswali yote, tena kwa mpangilio wake, maana alisema yule bwana anayo kwenye karatasi na haruki hata moja. Kwanza atakusalimu. Kisha jina. Kisha miaka. Kisha unakaa wapi, mama yako nani, leo siku gani. Mwisho ni hesabu, mbili na tatu.

"Hayo tu?" nikamuuliza.

"Hayo tu."

Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo. Jioni ile ile nikamkalisha Tuhfa mbele yangu, nikaanza. Mimi nauliza, yeye anaitika, mwili unayumba kama tunasoma juzuu. Shikamoo mzee. Naitwa Tuhfa Soud. Nina miaka tisa. Nakaa Nguvumali. Mama yangu Zeyana. Leo Jumatano. Tano. Akikosea, rudi mwanzo. Nilimwahidi akizijibu zote nitamnunulia soda nyekundu, na soda miaka ile haikuwa kitu cha kunywa ovyo. Zeyana alikuwa akipepeta mchele huku midomo yake inacheza pamoja na ya mtoto. Ilipofika wiki ya kikao Tuhfa alikuwa anazitiririsha hata usingizini. Nilijisifu, nisiseme uongo. Nilimwambia Zeyana, "Huyo bwana atashika kichwa."

Siku ya kikao, Jumatano kama nilivyomhifadhisha, tulimvalisha gauni la mitumba la rangi ya maziwa ambalo baba yake alilitoa kwenye furushi kabla hajaliuza, tukampaka mafuta mpaka akang'aa. Tulikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Zubeiri, kwenye benchi moja, Tuhfa upande wa pili wa mama yake. Bwana wa ofisi ya elimu aliitwa Ernesti. Alifika na baiskeli, suruali ameifunga kwa uzi, akaomba radhi kwamba gari la ofisi halina tairi. Alikuwa mtu mwema, nitamsema kwa haki. Uso wake ulikuwa umechoka kama wa sisi wote.

Mwalimu Bertha ndiye aliyeanza. Alieleza kwamba Tuhfa anaendelea vizuri, lakini bado anahitaji mtu wa kumwelekeza kila hatua, na akaomba abaki. Bwana Ernesti akaitika, akachukua karatasi yake, akamgeukia mtoto.

"Hujambo, binti."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Naitwa Tuhfa Soud."

"Una miaka mingapi?"

"Nina miaka tisa."

Wallahi alizijibu zote. Sauti imenyooka, mikono mapajani, haangalii pembeni. Alipofika kwenye "Tano," Bwana Ernesti alivua miwani yake, na mimi nikamfinya Zeyana kwa furaha.

"Mwalimu," akasema Bwana Ernesti, "huyu mtoto mbona mzima kabisa? Nimehoji watoto wa darasa la tatu wasiojua leo ni siku gani."

"Bwana, anajibu alichofundishwa," akasema Bertha. "Mimi ninaye kila siku."

"Sasa si ndiyo kazi yako, kumfundisha? Mnapofanikiwa msiogope kusema mmefanikiwa. Nina barua za wazazi wanaolilia nafasi moja tu." Akamgeukia Zeyana, na akatabasamu kwa moyo safi. "Hongera sana, mama. Januari mwanao ataingia darasa la pili na wenzake. Nafasi yake tutampa mwingine."

Bwana Zubeiri akasema alhamdulillahi. Hapo ndipo maneno ya Bertha yaliponiingia yote kwa pamoja, posa na samaki na yote.

Tuhfa alikuwa amemgeukia mama yake. Anajua akimaliza bila kukosea hupewa sifa. Alikuwa anazingoja.

Zeyana alisema, "Bwana, muulize tena."

"Hakuna haja, mama."

"Muulize tena. Lakini usianzie juu. Anzia popote."

Nilimfinya paja chini ya buibui lake, safari hii si kwa furaha. Hilo ni jambo la kumfanyia mwanao mbele ya watu? Hakunitazama.

Bwana Ernesti akavaa miwani. "Haya. Tuhfa, unakaa wapi?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuuliza unakaa wapi?"

"Naitwa Tuhfa Soud."

"Mama yako ni nani?"

"Nina miaka tisa," akasema Tuhfa, kwa sauti ile ile iliyonyooka, na uso wake ukiwa na furaha ile ile.

Bwana Ernesti aliiweka karatasi mezani. Zeyana akaanza kusema. Miaka kumi na moja niliyokaa naye nyumba moja sijapata kusikia amepaza sauti, na hata hapo hakuipaza.

"Hajui kurudi nyumbani," akasema. "Nikimtuma chumvi nyumba ya pili, anakaa kwenye baraza ya kwanza anayoikuta, anangoja nimfuate. Moto hauogopi." Akamkunja Tuhfa mkono wa gauni akaonyesha kovu la jiko, ambalo mimi mwenyewe nililiongezea gauni mikono mirefu ili lisionekane. "Akiumia haniambii. Mtu akimshika mkono akamwambia twende, anakwenda, yeyote yule. Usiku nalala na mguu wangu juu ya wake. Anasoma Kurani nzuri, wala simwonei haya, namwonea fahari. Lakini hajui, bwana. Mimi mama yake ndiye ninayesema hajui. Sijapata kumwambia mtu."

Machozi yalikuwa yanamdondokea mikononi, naye hakuyafuta.

Basi nikaona siwezi kumwacha peke yake humo alimoingia. "Ni mimi niliyemhifadhisha," nikasema. "Kwa kuhifadhi hamtapata wa kumshinda. Lakini mama yake amesema kweli. Mtoto huyu akitoka kwenye darasa lenye komeo, tutamtafuta tena barabara ya Amboni, na sidhani tutapata dereva kama yule."

Tuhfa alitutazama sisi wawili, akamvuta mama yake buibui. "Mama, nimekosea?"

"Hujakosea, mwanangu," Zeyana akamwambia. "Zako umezijibu zote. Sasa ilikuwa zamu ya mama."

Mwalimu Bertha alijifuta pua kwa leso. Bwana Ernesti akasema yeye mwenyewe nyumbani kwao alikuwa na kaka ambaye mama yao alimficha chumba cha uani mpaka akafa huko. Alilisema tu, wala hakulifafanua. Kisha akachukua kalamu.

"Anabaki," akasema. "Sasa tufanye kazi iliyotuleta. Mwaka huu mnataka afundishwe nini kwanza?"

Mimi nilikuwa na jibu langu tangu nyumbani. Nilitaka asome na aandike kama watu. Nilikuwa hata na maneno ya kulipamba. Lakini sikuulizwa mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona haja ya kumwachia mwenye mtoto.

"Kurudi nyumbani," akasema Zeyana.

"Hilo tu?"

"Hilo kwanza."

Bertha akasema linawezekana, lakini si kwa kulifundisha darasani. Mwalimu na nyumbani washikane, njia ile ile, kila siku, mtoto atangulie na mkubwa amfuate nyuma. Asishikwe mkono. Na akikosea asikemewe. Pale pale akanitazama mimi.

"Mbona unanitazama mimi?" nikamuuliza.

Tulipotoka langoni pa shule jua lilikuwa la saa saba, kali, na mimi nina njaa. Zeyana aliishika ncha ya kanga yake kwa mazoea, aifunge na ya mtoto, kisha akaiachia. "Tuhfa," akasema, "twende nyumbani. Wewe tangulia."

Tuhfa alisimama akitungoja tumpite. Hatukumpita. Basi akaanza kwenda. Alikwenda vizuri mpaka penye mashine ya kusaga, ambapo sisi hukata kulia. Yeye akanyoosha moja kwa moja.

Nilifungua mdomo. Zeyana akanishika mkono. Mimi ninayekemea watoto wa watu mchana kutwa nikaumeza ulimi wangu, nikafuata. Tulipita nyumba ambazo wenyewe siwajui. Tukapita kwa fundi wa baiskeli, tukapita shimo la takataka, na magoti yangu yananiambia yao. Mwishowe Tuhfa akafika kwenye baraza moja iliyopakwa chokaa, akaitazama, akaketi chini, akaweka mikono mapajani. Alikuwa anangoja kufuatwa.

Zeyana akaketi kando yake. Nami ningefanyaje? Nikaketi.

Mwenye nyumba akatoka, mama mtu mzima, unga mikononi. "Karibuni. Mna shida gani, ndugu zangu?"

Mimi nilikuwa nimeshaandaa uongo, tumechoka kwa jua, tunapumzika tu. Unanijia wenyewe, sihitaji kuutafuta. Zeyana akaniwahi.

"Shikamoo, mama," akasema. "Huyu binti yangu ana mtindio wa ubongo. Anajifunza njia ya nyumbani. Leo imempotea kidogo."

Neno lile lilimtoka hivyo hivyo, kwa mtu asiyemjua, mchana kweupe. Yule mama hakushtuka wala hakusikitika. Alisema "Marahaba," akasema kujifunza ni kazi, akaingia ndani akatuletea maji ya mtungini kwenye kata. Tuhfa akanywa kwanza, kisha mama yake, kisha mimi. Wakati nakunywa nikakumbuka ile soda yangu nyekundu, na nikaona nadaiwa kwa haki, maana mtoto alijibu zote.

Tuhfa alinitazama mimi, mwalimu wake wa kwanza. Alikuwa anajua amekwama. Lile alilijua.

"Shangazi," akaniuliza, "tuanze mwanzo?"

Kutoka pale kurudi shuleni si karibu, na kwetu nilikuwa napajua, ni uchochoro wa pili tu. Nilimrudishia yule mama kata yake, nikajishika kiuno, nikainuka.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Tuanze mwanzo."

Tukarudi wote watatu mpaka langoni pa shule, tukageuka, na Tuhfa akatangulia tena.